Masizi ya Sufuria ya Kibati

Koko Henriette, mama muzee wa mutaa wa Mabanga, alifumba macho ili amuombee marehemu bwana yake, na ndani ya lile giza akatokea Florent.

Siyo Florent mwenyewe. Florent mwenyewe wakati ule alikuwa barazani anamaliza sambaza, wale samaki wadogo. Ilikuwa sura yake tu: yale mashavu ya mviringo, na ile mustashi anayoichonga kila Jumamosi kwa mukasi. "Ondoka," Henriette akaiambia moyoni. "Sikukuita wewe, ninamuita yaya yako, mukubwa wako." Akafungua macho, akayafumba tena kwa nguvu kama mutu anayekamua blanketi. Florent. Mara ya tatu, Florent tena, na safari hii alikuwa anacheka.

Hapo Henriette akaacha Salamu Maria katikati, akakaa juu ya kitanda, na woga ukamushika. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika misa ya mwaka mumoja ya Muzee Kambere, siku ya kumaliza kilio, na yeye aliyelala kitanda kimoja na ule mutu miaka makumi ine na mbili alikuwa amemusahau sura.

Alijua ni kosa la nani. Florent alikuwa mudogo wa marehemu, tumbo moja, pua moja. Tangu maziko alikuja kila siku kumufariji mujane. Faraja yake ilikuwa inafika saa tano na nusu, inakaa kwenye kiti ya Kambere, na inaisha sufuria ikiisha. Mwaka muzima wa kumutazama anatafuna! Kila siku sura yake ilikuwa inapakwa juu ya ile ya kaka yake kama rangi mupya juu ya ukuta wa zamani, mupaka ukuta wenyewe haukuonekana tena.

Utasema, si aangalie foto. Foto gani? Muzee Kambere alikuwa anakimbia foto kuliko wengine wanavyokimbia kodi. Zile ine za ndoa yao volkano ya 2002 ilizimeza pamoja na kabati. Kwenye foto za ndoa za watu, ukitafuta sana, utamupata upande: hapa sikio, pale mugongo, pale mukono unaobeba chupa. Karte yake ya kura ilikuwa na sura, lakini ilififia mwezi kwa mwezi, na alipokufa palibaki kola ya shati na kivuli kidogo, kama mutu aliyetoka nje mara moja kuongea na simu.

Florent naye alikuwa na dawa yake.

"Shemeji, usihangaike," alisema siku ile ile, akijipangusa vidole. "Nimeenda kwa Julien, ule wa studio kule Majengo. Nimevaa koti ya yaya, akanipiga foto. Ataondoa mustashi ndani ya ordinatere, kompyuta yake, ataongeza mvi, basi. Tutatengeneza bashi, turubai kubwa la picha, mita mbili kwa tatu, tunaitundika kwenye geti."

"Watu watatoka Butembo kuja kumulilia bwana yangu mbele ya sura yako?"

"Sura ni ya familia, shemeji. Haiko yangu peke yangu."

"Basi na kufa ni kwa familia. Si ungeenda na kufa pahali pake?"

Florent akacheka, akauliza kama kunabaki sambaza.

Henriette aliona kabisa mambo yanaenda wapi. Ile bashi ikitundikwa, Kambere amekwisha. Watu mia mbili watarudi kwao na sura ya Florent kichwani, na yeye mwenyewe, siku atakapofika mbinguni, ataenda kumusalimia mutu asiye wake.

Nyuma ya ukuta wake wa mawe ya volkano alipanga mwanamuke mumoja aliyetoka upande wa Bukavu, Aurélie Nshobole, wa miaka makumi tatu na kitu. Mikono yake ilikuwa nyeusi mupaka kwenye viwiko, na wamama wa avenii, ile barabara yao, walisema ni fundi wa magari aliyeshindwa kazi. Alikuwa anachora watu. Hakuchora na rangi za duka. Alichora na masizi, juu ya karatasi za mifuko ya simenti alizogundisha pamoja, na picha zake zilikuwa zinaenda kutundikwa kwenye zile nyumba ambamo wazungu wanakunywa divai wamesimama. Kati ya picha zake kulikuwa moja ya baba yake mudogo, padri, amevaa kanzu ya misa na anachokonoa meno. Watu wa parokia yao waliiona, wakaacha kumusalimia.

Henriette akazunguka ukuta, akabisha hodi.

"Ninataka bwana yangu," alisema mulangoni.

"Lete foto," Aurélie akajibu bila kugeuka.

"Hakuna."

Aurélie akageuka. Uso wake ukafurahi kama mutu aliyeambiwa chakula kimeiva. "Hata moja? Vizuri sana, Koko. Ingia. Foto ni mutu anayezuia pumzi. Mutu akizuia pumzi, hata mama yake hamujui."

Akamukalisha juu ya kidumu, akamueleza. Mama yake alikuwa na malewa, kibanda cha chakula, karibu na bandari ya Bukavu, anapikia watu wa maboti. Aurélie akikosea, adhabu yake ilikuwa kuosha masufuria. Hakuosha. Alichukua musumari, akachora wateja kwenye yale masizi ya chini: ule anayepuliza chakula tayari kimepoa, ule anayeficha nyama chini ya bugali ili wenzake wasimuombe. Siku moja mama yake akageuza sufuria mbele ya watu, na wateja wakaanza kulia kwa kicheko wakionyeshana vidole. Mama yake akacheka pamoja nao, akamaliza, kisha akamupiga.

"Alinipiga sawasawa," Aurélie alisema. "Lakini tangu siku ile ninajua kazi yangu. Siwezi kuchora mutu kama sijui alikuwa anakula namna gani. Na siwezi kumuchora bila moshi wa moto uliomupikia. Sasa uniletee sufuria yake."

Henriette akaleta sufuria, na kichwa juu. Mabanga nzima ilijua masufuria yake. Aliyasugua na majivu na muchanga mweusi kila siku ya Mungu, ndani na nje, mupaka ungeweza kujitazama kabla ya kwenda kanisani.

Aurélie akapitisha kidole chini ya sufuria. Akakiangalia kidole. Kilikuwa safi, yaani kilikuwa cheusi kama zamani, hakikuongezwa kitu.

"Koko, hii ni sufuria ama kikombe cha misa?"

"Ninapikia makaa, siyo kuni. Mimi ni mutu wa muji."

"Basi hapa bwana yako hayuko." Aurélie akairudisha. "Alikuwa anakula wapi kwingine, penye kuni?"

Henriette akaiweka chini. Akakunja mikono. Nje, moto-taksi, zile pikipiki za kubeba watu, zilipita mbili, kisha ya tatu.

Alijua wapi. Kambere alikuwa mwenye kamio, lori kubwa, anatoa maharagi na vitunguu upande wa Butembo na Lubero. Kila safari, akirudi, alikuwa anasimama Kibati kupumzisha injini. Fikiria: injini imepanda milima, imeshuka milima, imepita mashimo ya siku tatu, halafu inachoka kilometa kumi kabla ya nyumbani! Na inachoka mupaka asubuhi. Henriette hakuwahi kuuliza. Alipika, akasugua sufuria, akasugua tena. Lakini jina alilijua, kwa sababu kila mutu alihakikisha analijua: Mukamugema.

"Kama siyo sufuria ya kule, hakuna nyingine?" akauliza.

"Kuna studio ya Majengo," Aurélie akajibu. Sauti ya Florent ilikuwa inaruka ukuta kila siku.

Siku ya tatu, Henriette akavaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda moto-taksi, akaenda Kibati.

Njiani alitayarisha maneno makali, na alimutengeneza ule mwanamuke kichwani: mufupi, mweupe, mwenye nywele za kununua. Akakuta mama wa rika lake, magoti yamevimba, jino la mbele hakuna, anapuliza moto na machozi ya moshi yanamutoka. Juu ya mafiga ilikaa sufuria moja nyeusi, nene, iliyovimba kwa masizi kama kichwa cha mutu aliyefungwa kilemba.

"Karibu, mama mukubwa," Mukamugema alisema, bila kushituka.

"Unanijuaje?"

"Muzee alisema una kovu kwenye kidevu. Na ukikasirika unakunja mikono hivyo."

Henriette akakunjua mikono haraka.

"Umeleta fimbo?" Mukamugema akauliza. "Mwaka muzima ninakungojea. Hata ukuni muzuri nilikuwekea pale nyuma ya mulango, kama ungesahau yako."

"Nimekuja kuomba masizi."

"Masizi?"

"Ya chini ya hiyo sufuria."

Mukamugema akamuangalia, akaangalia sufuria, akaanza kucheka. Alicheka mupaka akakaa chini, na magoti yake yakamuomba asirudie. Henriette akasimama tu, kitenge cha Pasaka kinanuka moshi, na aibu inamupanda shingoni. Akamueleza yote: misa, bashi, Florent, ule mwanamuke wa simenti. Alipofika pale pa kusahau, akakifunga kitenge upya.

"Na wewe," akauliza, "ukifumba macho, unamuona?"

Mukamugema akaacha kucheka. Akasukuma kuni ndani. "Mugongo," alisema. "Ninaona mugongo akipanda kamio. Mbele inanikimbia."

Sufuria ikawa inaongea peke yake.

"Nitakupa," Mukamugema alisema. "Lakini sufuria yangu haiendi pahali bila mimi. Nitakuja nayo. Na siku ya misa, maharagi ya watu yatapikwa ndani yake, na kuni, kwako, na mimi mwenyewe ndiye nitakoroga."

"Kwangu Mabanga? Watu wote wakiona?"

"Hapana, tutafunika avenii na shuka! Unataka sura ama hutaki?"

Henriette alifikiri juu ya wamama wa avenii, na Jeanine wa ngambo ambaye ulimi wake ulikuwa unafika sokoni kabla ya miguu. Halafu akafumba macho mara moja, ili apime. Florent.

"Uje Alhamisi," akasema.

Alhamisi Mukamugema akashuka kwenye moto-taksi, mulangoni pa Henriette, na sufuria juu ya kichwa. Jeanine akaleta kiti yake kabisa karibu na ukuta, akaanza kuchambua muchele uliokwisha kuchambuliwa.

Aurélie akageuza ile sufuria juu ya gunia, akapiga magoti mbele yake kama kwenye komunio. Akachukua kisu. Masizi ya kwanza akayakwangua, akayatupa.

"We!" Mukamugema akapiga kelele. "Hayo si ndiyo yenyewe?"

"Haya ya juu ni chakula ulichokula peke yako, mama. Muzee ana mwaka hayuko. Ninamutafuta chini."

Akakwangua polepole, mupaka akafika pale masizi yalipogeuka magumu, yanangaa kama manyoya ya kunguru. Hayo akayaweka kwenye bakuli, akayasaga na jiwe, akayachanganya na uji mwepesi wa muhogo. Hakuwa na burashi. Alikuwa na vidole, manyoya ya kuku, na kitambaa.

"Sasa semeni."

Wakasema. Henriette alisema pua yake ilikuwa nyembamba. Mukamugema akasema nyembamba wapi, kwa upande gani? Henriette akasema bwana yake alikuwa mutu wa kunyamaza, maneno kumi kwa siku, na mawili kati yake ni "leta chumvi".

"Nani? Muzee?" Mukamugema akashangaa. "Ule alikuwa anaongea mupaka maharagi yanaungua! Nilikuwa ninamuomba anyamaze nilale."

Hiyo ikamuchoma Henriette kuliko habari zote za injini. Miaka makumi ine na mbili anapewa maneno kumi, na mengine yote yanashukia Kibati kama vitunguu vilivyooza! Akasimama. Akataka kufukuza watu wote kwenye kiwanja chake, na sufuria yao.

"Koko, kaa," Aurélie alisema. Karatasi mbele yake ilikuwa na kitu kimoja tu: sikio, lile Henriette alilolikumbuka kwenye foto za ndoa za watu. "Munanichorea watu wawili. Maneno siyataki tena. Tembeeni kama yeye."

Wakatembea. Henriette akatembea wima, mikono nyuma. Mukamugema akatembea akiyumba, mukono mumoja unashika suruali isianguke. Jeanine akamwaga muchele wote. Aurélie akatikisa kichwa: siyo. Laleni kama yeye. Kasirikeni kama yeye. Kila mara walikuwa watu wawili, na muchana ukawa unaisha, na sikio likabaki peke yake.

Mwisho njaa ikaingia. Mukamugema akatenga maharagi, Henriette akasonga bugali, kwa sababu hata adui hukai naye mbele ya maharagi bila bugali. Wakakaa.

"Kuleni," Aurélie alisema. "Lakini kuleni kama yeye."

Wakatazama sahani. Wote wawili wakakata tonge, wakalibonyeza na kidole gumba, wakachovya. Wakafumba macho. Wakalitupa shavu la kushoto, shavu likavimba, wakatafuna mara mbili, na kwenye ile ya pili unyusi wa kulia ukapanda juu, kama mutu anayesikia jina lake linaitwa kwa mbali na anaamua hajasikia.

Wakafungua macho. Wakatazamana.

"Eh," Mukamugema alisema.

"Eh," Henriette alisema, na nywele za mukono zilikuwa zimesimama. Kambere alikuwa amekaa mbele yake, ndani ya uso wa mwanamuke wa Kibati, na maharagi kwenye mudomo.

"Rudieni!" Aurélie alipiga kelele. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia. "Tena! Musimeze haraka!"

Wakarudia mara saba. Kwenye ya nane Mukamugema akasema kama kuna mutu mwingine wa kuchorwa afe kesho, leo tumbo limejaa.

"Utamuchora anatafuna?" Henriette akauliza. "Mbele ya padri?"

"Ni pale tu mulipokubaliana," Aurélie akajibu. "Hapo pengine pote amewadanganya."

Siku ya misa, Florent aliamka kabla ya kuku. Watu walipofika geti, bashi ilikuwa imetundikwa: Florent wa mita tatu, ndani ya koti ya Kambere, mustashi hakuna, mvi za unga, na nyuma yake Julien alikuwa ameweka mawingu na njiwa sita.

Tantine Fabiola, dada ya Kambere na Florent, aliyetoka Beni, alikuwa wa kwanza kushuka. Alikuwa mutu wa miaka makumi nane, macho yake yalikuwa yamechoka lakini siyo kwa mambo ya ndugu zake. Akasimama mbele ya bashi. Akashika kichwa.

"Florent!" akalia. "Na wewe tena! Na hakuna mutu amenipigia simu!"

Akaanguka chini, na wenzake wa Beni wakaanguka pamoja naye, wakilia Florent, Florent, kijana muzuri, mutu wa watu. Kilio kikawa kikubwa kuliko cha Kambere mwaka uliopita. Na Florent, aliposikia jina lake, akatoka ndani mbio na sinia ya Fanta mikononi ili aone kuna nini.

Sitasema yote. Mama mumoja aliruka ukuta wa mawe akiwa na kiatu kimoja. Tantine Fabiola alifungua macho, akamuona marehemu anamuinamia na kumuuliza kama anataka ya baridi, akamupiga na mukoba wake wa rozari mara ine kabla ya kuhakikisha kwamba anapigika.

"Teremusha hiyo kitu," Henriette alisema. Hakupandisha sauti.

Bashi ikateremushwa. Aurélie akaleta karatasi yake imefunikwa shuka, akaitundika kwenye ukuta, juu ya kiti ya marehemu. Henriette akashika pembe la shuka. Na kama hatamujua? Kama hakuna mutu atamujua? Akavuta.

Watu wakasogea karibu. Pale ukutani, mweusi juu ya kahawia ya simenti, muzee alikuwa amefumba macho. Shavu la kushoto limejaa. Unyusi wa kulia uko juu. Kwenye mudomo kulikuwa na kitu kidogo, punje ya harage, ama kosa la kidole.

Wa nyuma wakanyoosha shingo. Florent alifungua mudomo ili aseme, lakini mbele yake akapita Munguakonkwa, ule aliyekuwa anapanda na Kambere kwenye kamio miaka makumi mbili, anafunga mizigo na kuamsha muzee asubuhi. Alifika amechelewa, mambo ya bashi hakuyaona. Akaangalia ukuta, na bila kufikiri, kwa sauti ya kila siku, akasema:

"Muzee, meza twende. Jua limetoka."

Halafu akasikia alichosema, akaziba mudomo na kofia. Padri akageukia ukuta akikohoa, na mabega yake yalikohoa muda murefu. Kicheko kikaanza nyuma kwenye wamama, kikapita kwa wa Butembo, kikafika kwa Tantine Fabiola. Alicheka akilia, akisema ni yeye, ni yeye kabisa, tangu mutoto alikuwa anakula hivyo, mama yetu alikuwa anamupiga.

"Hana hata koti!" Florent akalalamika, amesimama katikati. "Mutu wa heshima, anaonyeshwa na maharagi?"

"Shemeji, sogea," Henriette akamuambia. "Unanizibia bwana yangu."

Wakati wa kula, Jeanine akasogea na sahani, macho yake kwenye ile sufuria nyeusi na yule mama wa magoti mabaya aliyekuwa anakoroga.

"Koko Henriette, ule mupishi ni ndugu yenu?"

Avenii nzima ikaacha kutafuna. Henriette akaonja maharagi.

"Hapana," alisema. "Ni fundi wa injini. Muongeze chumvi, Mukamugema, umeipunguza."

"Chumvi ni ya kwenu," Mukamugema akajibu. "Mimi ninaleta moshi."

Kesho yake asubuhi, Henriette akapiga magoti, akafumba macho. Alikuwa pale. Anatafuna. Henriette akaanza Salamu Maria, akafika "umejaa neema", akaona lile shavu, kicheko kikamushika, akaanza upya. Mara ine akaanza upya, kisha akamuomba Mama Maria avumilie, amalizie mwenyewe.

Saa tano na nusu Florent akafika na ile bashi imekunjwa chini ya kwapa. Alisema ataiweka kwake, chini ya kitanda; siku yake ikifika watu wasihangaike, ni kurudisha mustashi tu. Akavuta kiti ya marehemu, akaanza kutafuna karanga za mufukoni akingojea. Henriette akamutazama vizuri, mara ya kwanza kwa mwaka muzima. Kumbe hata hawakufanana sana. Huyu alikuwa anatafunia kulia.

Akamupa sahani ndogo.